Rimoti ya Moyo wa Baba Mkwe

1

Nilibonyeza tena, na moyo wa baba mkwe haukuamka.

Nilikuwa upande wangu wa pazia, mkono nimeuinua juu, rimoti ikitazama dari. Mwanga unagonga dari nyeupe, unashuka upande wa pili na kumfikia kifuani alipolala. Mimi simwoni, naye hanioni. Kwetu mkaza mwana na baba mkwe hawaonani. Nikimsikia anakuja natokea mlango mwingine, sauti yangu siipandishi akiwa karibu, na jina lake silitamki, hata hapa silitamki. Watu wa mjini wanatucheka kwamba tumeshawekewa mashine vifuani na bado tunakimbiana uani kama kuku. Wacheke tu, hakuna kabila lisilo na lake.

Nilimnong'oneza wifi yangu Tumpe, aliyekaa naye kitandani, nikamuuliza kama imepanda. Akasema bado. Akasema mikono ya baba ina baridi.

Pampu ile iliyo kifuani mwake, inayoufanyia moyo kazi, ina utaratibu wake. Kila mchana baada ya chakula hushushwa ili mota ipoe, na baba mkwe hulala. Ikiwa chini inasukuma nusu ya damu, na nusu inamtosha mtu aliyelala chali, ila si kwa muda mrefu. Daktari alitupa kipimo ambacho hata asiye na saa angekielewa: isizidi muda wa kuivisha sufuria ya maharage. Ikizidi, maji huanza kujaa mapafuni, na mtu anazama kitandani kwake pakavu. Maharage yetu yalikuwa jikoni tangu alipolala, na harufu iliyonifikia ilikuwa ya maharage yanayokaribia kuiva.

Nikabonyeza, nikashikilia. Kimya. Nikafanya kama ningefanya kwa rimoti ya mtu yeyote: nikaitazama kwa kamera ya simu, maana jicho la mtu haliuoni mwanga wa rimoti lakini kamera inauona. Taa ikawaka zambarau, safi kabisa. Betri ilikuwa nzima. Basi labda ni dari, nikajiambia, labda ukungu wa Tukuyu umeingia hadi ndani na kuunywa mwanga wangu. Nikaipitisha rimoti chini ya pazia, nikamwambia Tumpe aielekeze kifuani moja kwa moja, karibu kabisa.

Nilimsikia akibonyeza. Akabonyeza mpaka kitufe kikawa kinalia kama mtu anayetafuna njugu.

"Wifi," akasema, "midomo yake inabadilika rangi."

Hadi wakati ule nilikuwa na hofu ya fundi tu, ile ya kuaibika mbele ya wakwe. Hii ilikuwa nyingine. Nikakaa chini, nikatafuta namba ya daktari kwenye simu.

2

Rimoti ya zamani baba mkwe aliikalia mwenyewe. Ilikuwa na kitufe kimoja: ukibonyeza pampu inashuka, ukibonyeza tena inapanda. Siku zote aliivaa shingoni kwa kamba, ila wiki ile aliivua akaoge, akaiweka kitini, akarudi akaketi juu yake. Tangu hapo ikawa inafanya kazi inapotaka. Kampuni iliyotengeneza pampu zile ilishafungwa, na hakuna duka unalokwenda ukapata nyingine. Kuna mimi tu. Nina meza yangu sokoni, natengeneza rimoti za luninga, za mageti, za mabanda ya vifaranga, na wapo wanawake Tukuyu ambao rimoti ikifa huniambia mimi kabla ya kumwambia mume.

Dawa yake ni rimoti ya kufundisha. Ikitoka dukani haijui lolote. Unaiweka uso kwa uso na ile ya zamani, unabonyeza ya zamani, na mpya inaupokea ule mwanga na kuukariri. Sisi mafundi tunasema inanyonya. Na sheria ya mezani kwetu ni kwamba rimoti hunyonya mara mbili: unabonyeza, unabonyeza tena, halafu unalinganisha ulichopata.

Lakini rimoti hii ya zamani ilikuwa imelala kifuani kwa baba mkwe, na kilicholala kifuani kwake mimi sikigusi. Kwa hiyo asubuhi ile Tumpe ndiye aliyeisogeza hadi ukingoni mwa pazia, uso wake ukitazama kwangu, kamba ikiwa bado mkononi mwa mzee. Akabonyeza, na ya kwangu ikanyonya. Nikawa nataka kumwambia arudie. Hapo hapo baba mkwe akauliza kutoka kitandani kama tumemaliza, maana uji wake unapoa. Nikanyamaza. Ningejibu angeisikia sauti yangu. Tumpe alingoja kidogo, akaona kimya, akajibu kwa niaba yangu kwamba tayari.

Nami nikaacha. Nilijiambia kwamba ikigoma tutarudia.

Baada ya chakula nikajaribu, na haikugoma. Nilibonyeza kuelekea darini, Tumpe akaweka sikio kifuani kwa baba yake akasema imeshuka, anaisikia. Tulifurahi kama watoto. Sasa, sheria ya nchi inasema rimoti ya mwilini ikishapata mrithi ivunjwe siku hiyo hiyo, isije ikaokotwa na mwenye nia mbaya, na wifi yangu ni mtu wa sheria. Alitoka nayo uani akaipondaponda kwa jiwe la kusagia pilipili. Nilimsikia akiponda, nikaona tumefanya kazi nzuri.

3

Daktari Haule alipokea simu upesi, namshukuru. Akasema tumlete hospitali. Nikamwambia mvua haijakatika tangu juzi na mto umefunika daraja. Mume wangu mwenyewe amekwama ng'ambo. Daktari akaanza kulalamika kama anayeongea peke yake, kwamba alipokuwa mwanafunzi pampu hizi zilisikia redio, na mzee huyu angempandisha akiwa amekaa ofisini kwake.

Najua. Kila mtu anajua kwa nini hazisikii tena. Wahuni walijifunza kuzisimamisha wakiwa mbali, wakawa wanapigia ndugu simu kuwatisha, na watu walikufa wakiwa mezani, tonge mkononi. Ndipo serikali ikaamuru masikio ya pampu zote yazibwe, zikaachiwa jicho tu. Mwanga haupiti ukuta. Anayetaka kukuua sasa lazima aje asimame mbele yako.

Aliyekuwa karibu kumuua baba mkwe ni mimi, na nilikuwa nimejificha nyuma ya kitambaa.

Daktari aliniuliza niliinakili mara ngapi. Nilikaribia kusema mbili. Ulimi ulishajikunja tayari.

"Dada, mficha uchi hazai," akasema. "Sema."

Nikasema moja. Na nilipolitamka neno hilo ndipo nilipoelewa nilichokifanya.

Rimoti za aina ile hubadilisha alama moja katika msimbo unaobebwa na mwanga kila unapobonyeza. Tunaiita alama ya zamu. Ndiyo inayoiambia pampu kwamba huyu amebonyeza upya, si kidole kile kile kilichoshikilia. Waliifanya hivyo kwa busara, ili mgonjwa akilalia rimoti yake usingizini, pampu isipande na kushuka hadi kunakucha. Rimoti yangu, iliyonyonya mara moja, ilikuwa na zamu moja tu. Kwa pampu, kidole changu cha baada ya chakula kilikuwa bado hakijainuka, nayo ilikuwa inangoja kwa subira nikiinue.

Cha kufanya basi ni kuuandika msimbo wa pili kwa mkono, zamu ikiwa imegeuzwa. Nilimsomea daktari alama zangu moja moja. Kichwani mwa msimbo kulikuwa na mbili za kutia shaka, zimekaa bega kwa bega. Mojawapo lazima iwe ya zamu. Daktari akasema anavyokumbuka nyingine ni ya cheo: inaieleza pampu anayeongea ni mgonjwa au ni daktari. Na kwa cheo cha daktari, akasema taratibu, amri ile ile haishushi wala haipandishi. Inasimamisha. Ndiyo wanayotumia siku ya upasuaji, na pampu ikishasimama haiamki ila kwa mashine ya hospitali.

Nikamuuliza ipi ni ipi.

"Sijui, dada. Waliojua walifunga ofisi wakaondoka."

4

Rimoti yangu ina vitufe vya rangi. Kwenye njano niliandika msimbo ambao nimegeuza alama ya kwanza, na kwenye bluu ule ambao nimegeuza ya pili. Nilifuta na kuandika upya, nikifuta kilicho sahihi na kuacha kilichokosewa. Kwa upande wa pili wa pazia pumzi ya baba mkwe ilikuwa imeanza kutoa sauti ya mtu anayepuliza maji kwa mrija.

Kitufe kimoja kingemwamsha. Kingine kingemuua hapo hapo, na wala asingejua.

Kama ungeniuliza, ningekuambia bluu. Luninga nyingi nilizofungua zamu huwa ya pili, na mkono wa fundi una mazoea yake. Kidole gumba kilishatua juu ya bluu chenyewe. Lakini luninga ukiikosea unapata idhaa nyingine, basi.

Kulikuwa na njia ya tatu. Nina kisomeo, kidude cha ukubwa wa boksi la kiberiti, ambacho ukikigusisha kwenye jicho la pampu, chini kidogo ya mtulinga, kinakuonyesha pampu inajibu nini. Ikidhani kidole hakijainuka, jibu lake linapapatika bila kukoma. Ningeweza kuijaribu kila alama na mkia wa msimbo, yaani mwisho wake, ukiwa umevunjwa makusudi, ili isipatikane amri ya kutii, na nione ipi inayoukata ule mpapatiko. Hiyo ndiyo zamu. Kasoro yake ni kwamba kioo cha kisomeo kiko mgongoni mwake, kidogo kama ukucha, na jibu linapita kufumba na kufumbua. Anayesoma lazima ainame juu ya kifua cha mgonjwa, na awe anajua anachosoma.

Nilimpa Tumpe kwanza, Mungu ni shahidi. Aliniambia kinawaka, halafu kinazima, halafu akasema hajui, na machozi yalikuwa yakidondokea kioo. Nikamwomba amweleze baba yake kila kitu: vitufe viwili, kisomeo, na kwamba lazima nipite pazia.

Alimweleza. Mzee alikuwa na akili zake bado. Alijibu kwa sauti nyembamba, akimwambia Tumpe, ingawa sote watatu tulijua anaambiwa nani.

"Mwambie abonyeze anachoona sawa, nimemruhusu. Pazia lisiguswe. Sitakufa nikiwa kifua wazi mbele ya mke wa mwanangu."

Basi nikawa na ruhusa ya kumuua na katazo la kumtazama.

Nilikaa pale sakafuni, rimoti mapajani. Mtu mzima mwenye akili zake ana haki ya kusema hivi nataka na hivi sitaki, hata kama anakufa. Mwili ni wake na heshima ni yake. Hilo nalikubali hadi leo. Lakini alichokataa ni kuonwa, hakukataa kuishi. Au hayo nilijiambia kwa sababu niliogopa kubonyeza? Sikuweza kujua. Nilijua jambo moja: nikimtii, nikabonyeza, na ikawa kile kingine, hakuna atakayenilaumu. Wangesema msibani kwamba alikuwa mkwe mwenye adabu, hata siku ile hakumwangalia. Ningemuua na kusifiwa.

Maharage yakaanza kuungua.

Nilisimama nikavuta pazia.

Uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoufikiria miaka yote ile. Midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau mbivu, na macho yalinitazama yakiwa wazi, yamejaa kitu ambacho nilidhani ni hasira. Akavuta shuka kujifunika. Hakuwa na nguvu. Alilivuta hadi tumboni mkono ukachoka, akaanza tena. Nililishika shuka lile nikamnyang'anya. Siwezi kuliremba: nilimnyang'anya mzee anayekufa shuka lake, naye akageuza uso ukutani akafumba macho, na chozi likamtoka.

Nikatafuta jicho la pampu kwa kidole, kwenye ngozi iliyo baridi kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nikabandika kisomeo. Mpapatiko ulikuwepo kama nilivyodhani: pampu ilikuwa inangoja. Nikatuma bluu, mkia umevunjwa. Mpapatiko haukukatika. Ulitulia tu, ukasimama wima kwenye kioo, kama askari aliyeona mkubwa wake akiingia. Nikaondoa kidole haraka kama kimeungua.

Nikatuma njano. Mpapatiko ukakatika, ukaanza upya.

Nikaurudisha mkia mzima kwenye njano. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, na bado mkono ulikataa kubonyeza. Tumpe akasema wifi, wifi, basi hivyo tu, jina langu hakulitaja. Nikabonyeza.

Hakikutokea kitu. Kisha chini ya kiganja changu, nilichokuwa nimesahau kukiondoa kifuani kwake, mota ikaanza kunguruma, ikapanda, ikapanda tena, nami nikisema njano, njano, na baba mkwe akakohoa maji mengi kwenye pindo la kanga yangu.

5

Sikulala nyumba ile kwa amani. Nilirudi upande wangu, nikakaa na woga mwingine, ule wa kungoja. Mtu aliyefanya nilichokifanya hutozwa faini, au hurudishwa kwao, na mume wangu alikuwa bado ng'ambo ya mto. Kwenye njano niliifundisha rimoti zamu zote mbili, zipishane zenyewe kila ikibonyezwa, nikaijaribu kwenye kisomeo hadi macho yakauma. Bluu niliifuta. Hata baada ya kuifuta nilikuwa nainua rimoti na kuihakikisha.

Siku ya pili mvua ikapungua. Baada ya chakula Tumpe alikuja jikoni akanieleza kwamba baba hataki pampu ishushwe. Amekaa kitandani, mgongo ukutani, anasema hasinzii. Mota ilikuwa imeshapata moto. Ukigusa kifua unaisikia. Daktari alikuwa amepiga simu akasema isipopumzika itaungua kabla ya Jumapili. Mzee ameambiwa yote hayo, na jibu lake ni kwamba mkwe aingie.

Niliuliza aingie wapi.

"Ndani," Tumpe akasema. "Mbele yake."

Niliingia nikiwa nimeinamisha kichwa, nikapiga magoti karibu na mlango. Pazia lilikuwa limefungwa pembeni. Alikuwa amevaa shati, vifungo hadi shingoni. Nilitazama mkeka na kungoja hukumu yangu.

"Mkwe," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa lolote. "Jana kama ungenitii, ungebonyeza kipi?"

Ningeweza kusema njano. Tumpe asingejua, daktari asingejua, na mzee angelala usingizi wake.

"Bluu, baba."

Alielewa. Alikuwa amesikia Tumpe akieleza vitufe vyote viwili, na alikuwa amenisikia nikisema njano, njano, wakati mota inapanda. Alivuta pumzi ndefu akaishikilia. Nilipoinua macho, maana sikuweza kujizuia, niliona mikono yake juu ya shuka. Ilikuwa imelikamata lile shuka nililomnyang'anya jana.

"Naogopa," akasema. "Ikishuka, naogopa haitapanda."

Hakuwa anamwambia Tumpe. Nami sikuwa na la kumdanganya nalo. Nilimwambia nimeijaribu mara nyingi, na kwamba hata mimi naogopa.

Akafungua kifungo cha juu cha shati, kisha cha pili, hadi jicho la pampu likawa wazi. Akajilaza. Akanigeukia.

"Sogea hapa unapoona," akasema. "Bonyeza."

Nikasogea hadi kitandani, nikabonyeza, nikamtazama usoni wakati moyo wake unashuka. Alinitazama mpaka macho yakamzidi nguvu. Nilibaki pale, kidole juu ya njano, nikihesabu pumzi zake, nikiomba.